Kulinda kisiwa wakati wa mlipuko: mwongozo kwa kamati za mialo ya Ziwa Victoria

Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia, kisiwani Samoa katika Bahari ya Pasifiki, ikiwa na wagonjwa wa mafua makali, ikaruhusiwa kushusha abiria. Kwa muda wa wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Safari fupi ya bahari kutoka hapo, katika Samoa ya Marekani, gavana John Poyer alizikatalia meli bandari, na wanavijiji wenyewe wakalinda fukwe ili mitumbwi isitue kwa siri. Huko mafua yale hayakuua mtu hata mmoja. Watu ni wale wale, lugha moja, chakula kimoja. Kilichowatofautisha ni namna walivyopokea vyombo vilivyokuja.

Nchini Uganda, wilaya ya Kalangala ina visiwa 84, Buvuma zaidi ya 50, na Namayingo, Mayuge na Mukono zina vyao. Mwongozo huu ni wa kamati za mialo (mahali boti zinapotua) ya visiwa hivyo: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), VHT (mhudumu wa afya wa kijiji), wawakilishi wa wavuvi, wachuuzi na manahodha. Unaeleza mnachoweza kufanya kwa mikono yenu kabla timu ya wilaya haijafika, maana upepo ukichafuka timu inaweza kuchelewa siku mbili.

Mamlaka yenu yanaishia wapi

Kamati haiwezi kufunga mwalo kwa uamuzi wake. Amri ya kufunga njia hutoka serikalini kwa Sheria ya Afya ya Umma, na wilayani kikosi kazi cha mlipuko huongozwa na RDC (mwakilishi wa rais wilayani) pamoja na ofisa wa afya wa wilaya. Lakini kuandikisha wanaotua, kunawisha mikono, kuuliza maswali, kumpa mgonjwa mahali pa faragha na kutoa taarifa, yote hayo mnaweza kuyaanza leo. Mwandikieni RDC barua fupi mkieleza mnachofanya, nakala moja ibaki kwenye kituo cha afya. Mtu akija kuwashtaki kwamba mnamzuia njia, barua hiyo ndiyo kinga yenu.

Hesabu mahali pote pa kutua

Kamati nyingi huanza na mwalo mkubwa na kusahau mingine. Zungukeni kisiwa kwa boti, mchana mmoja na usiku mmoja, mchore kila mahali ambapo mtumbwi unaweza kuvutwa nchi kavu. Mtakuta mwalo rasmi, ufuo wa kambi ya wavuvi wa mukene (dagaa), mahali pa kupakia mkaa au mbao, na vijia viwili vitatu ambavyo watu huvitumia kukwepa ushuru. Mahali hapo pa kukwepa ndipo pa kutazamwa kwanza, kwa kuwa mtu anayeogopa kupimwa atapita huko huko.

Kisha chagueni mwalo mmoja, au miwili kisiwa kikiwa kikubwa, uwe lango. Lango hufanya kazi tu ikiwa kutua hapo ni rahisi kuliko kutua kwa siri: foleni fupi, kivuli, maji ya kunywa, na mshika daftari mwenye adabu. Anayeshika daftari awe VHT au mtu wa kamati. Wanajeshi wa doria na polisi wapewe taarifa na wasaidie majini, ila mezani wasikae. Mvuvi akiona bunduki karibu na meza hufikiria nyavu zake na leseni yake, na boti hugeuza kuelekea ufuo mwingine.

Boti za kuogopewa zaidi ni za barafu, zinazokusanya mputa (sangara) kisiwa hadi kisiwa kwa siku kadhaa. Wafanyakazi wake hukutana na watu wengi kuliko abiria yeyote. Msizikatalie, kwani samaki wataoza na kisiwa kitakosa fedha. Wekeni utaratibu: boti isimame, wahudumu wake wabaki ndani, wachukuzi wa kisiwani wapeleke kreti hadi kwenye mstari uliochorwa mchangani na kurudi nyuma, na hesabu ya kilo isomwe kwa sauti. Malipo kwa simu huondoa fedha za mkononi na msongamano pamoja. Tonga, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilishusha misaada kwa njia ya namna hii baada ya volkano ya Januari 2022, na bado Uviko ulipoingia mwanzoni mwa Februari waliogunduliwa kwanza walikuwa wafanyakazi wawili wa bandarini. Kwa hiyo wachukuzi wawe kikundi kilekile kila siku, majina yao yajulikane, wavae barakoa, na wawe wa kwanza kupimwa na kuchanjwa.

Jua ugonjwa unavyosafiri

Lango la Uviko si lango la kipindupindu. Ugonjwa wa hewani unahitaji nafasi ya mita 2, barakoa na kukaa nje penye upepo. Ebola huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho la mgonjwa au maiti, kwa hiyo mikono, nguo na mazishi ndiyo mambo makuu. Kipindupindu huja na maji na chakula, na hakihitaji karantini kabisa: kumzuia mgonjwa wa kuhara mezani ili ajaze fomu ni kumuua. Huyo apewe kinywaji cha chumvi na sukari papo hapo, huku anaandikwa.

Pakiti za ORS (unga wa kutengenezea kinywaji hicho) zikikosekana, tengenezeni wenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, hivyo kijiko kimoja kifungwe kwa kamba kwenye ndoo na kisibadilishwe. Mchanganyiko ukimaliza saa 24 umwagwe.

Meza ya lango

Watu watatu wanatosha: mmoja ananawisha, mmoja anapima joto, mmoja anaandika. Daftari liwe na safu hizi: tarehe na saa, jina, umri, simu, namba ya boti na nahodha, alikotoka leo, alikolala siku 21 zilizopita, mwenyeji wake kisiwani, joto, dalili, na kama alimuuguza au kumzika mtu hivi karibuni. Swali la alikolala ndilo lenye thamani kubwa, na ndilo linaloulizwa vibaya. Ukiuliza "unatoka wapi?" atajibu kwao ni Busia au Masaka. Uliza, "Jana umelala mwalo gani? Na kabla ya hapo?" hadi siku zitimie.

Kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso hudanganya kirahisi ziwani. Abiria aliyechomwa na jua kwa muda wa saa tatu kwenye boti husoma joto la juu. Aliyelowa na kupigwa upepo husoma la chini. Mkalishe kivulini dakika 10, afute uso, kisha umpime kwa umbali ulioandikwa kwenye maelekezo ya kifaa, mara nyingi sentimita 3 hadi 5. Kifaa chenyewe kikae kivulini pia. Kiwango cha kumtenga mtu hutajwa na wizara kwa kila mlipuko, mara nyingi 37.5 au 38. Ukipata la juu, subiri dakika 10 nyingine urudie. Uliza kama amemeza panado asubuhi, kwa kuwa huficha homa.

Visiwani homa nyingi ni malaria. Hilo lisiwafanye mpuuze, wala lisiwafanye mkimbie. Kipimo cha malaria kikiwa na mistari miwili, yaani malaria ipo, mtu anaweza bado kuwa na ugonjwa mwingine juu yake. Na asiye na homa leo anaweza kuugua wiki ijayo. Ndiyo maana daftari lina kazi kubwa kuliko kipimajoto. Januari 2022 Kiribati, nayo nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilipokea ndege ya kwanza ya abiria baada ya kufunga mipaka karibu miaka miwili. Abiria walikuwa wamechanjwa, wamekaa karantini na kupimwa kabla ya kuondoka Fiji. Hata hivyo 36 kati ya 54 walikutwa na Uviko walipofika, na ugonjwa ukapenya hadi mtaani. Lango hupunguza mwendo wa ugonjwa na kuwapa nafasi ya kujua nani yuko wapi. Msiliombe zaidi ya hapo.

Klorini na maji

Kwa Uviko sabuni na maji yanatosha mikono. Kwa Ebola na kipindupindu mtahitaji dawa ya klorini ya nguvu mbili: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa vyombo, sakafu, boti na uchafu wa mgonjwa.

Mkiwa na unga wa HTH (klorini ya unga) wa asilimia 65 hadi 70, jerikeni moja ya lita 20 inataka kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa (mililita 15) kwa dawa ya mikono, na vijiko 10 kwa dawa kali. Mkiwa na klorini ya maji ya dukani ya asilimia 3.5, changanyeni kipimo 1 na maji vipimo 6 mpate dawa kali. Kisha kipimo 1 cha dawa hiyo kali na maji vipimo 9 mpate ya mikono. Someni asilimia kwenye chupa kwanza, maana si zote zinafanana, na iliyokaa dukani muda mrefu juani huwa imepungua nguvu.

Maji yaingie kwanza kwenye chombo, unga ufuate. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa glavu na kinga ya macho. Koroga kwa mti, acha dakika 30 mashapo yatulie, tumia ya juu. Chombo kiwe cha plastiki. Pipa la chuma huoza na dawa huisha nguvu. Kamwe msichanganye na sabuni ya unga, siki au dawa ya choo, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu. Kila asubuhi tengenezeni mpya. Andikeni kwa rangi isiyofutika MIKONO kwenye jerikeni moja na SAKAFU kwenye nyingine. Kosa la kawaida kuliko yote ni mtu kunawa kwa dawa kali hadi ngozi inapasuka, kisha anakataa kunawa tena.

Maji ya ziwa yenye tope au majani mabichi hula klorini kabla haijafanya kazi. Yachujeni kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne na kuyaacha yatulie usiku kucha. Hesabu ya matumizi: karibu nusu lita kwa mtu mmoja. Mwalo unaopokea watu 200 kwa siku unahitaji jerikeni 5 za maji ya mikono tu, na mtu wa kuzijaza ambaye kazi yake ni hiyo.

Kumnyunyizia mtu klorini mwilini hakumsaidii, na humdhuru macho na kifua. Kataeni hata wakija watu na bomba la mgongoni la kunyunyizia mimea wakisema wametumwa.

Uchafu wa mgonjwa ukimwagika, funika kwa kitambaa kizee, mimina dawa kali, acha dakika 15, ndipo uokote kwa glavu nene. Ukianza kwa kufagia unausambaza.

Nyumba mbili, kamwe si moja

Mgonjwa anayeshukiwa hutengwa. Mtu mwenye afya aliyegusana na mgonjwa hukaa karantini. Wakiwekwa chumba kimoja, mnamwambukiza wa pili kwa mikono yenu. Kama hamna nyumba mbili, mwenye afya afuatiliwe nyumbani kwake.

Nyumba iwe mahali pa juu kidogo; mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika mialo mingi, na majengo ya ufukweni ndiyo yaliyoanza kuzama. Vitanda viachane mita 2, madirisha mawili yaliyokabiliana, na choo chake peke yake. Choo ndicho kigumu visiwani: mawe juu, maji chini. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka mahali pa kuchota maji, na chini yake pabaki mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Palipo na mawe, inueni choo kwa ngazi juu ya ukuta wa tofali badala ya kuchimba. Maji: lita 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na mgonjwa wa kipindupindu lita 60, kwa sababu ya kufua na kusafisha.

Jambo linalovunja karantini ni mkopo. Mvuvi anadaiwa nyavu, mashine ni ya tajiri, na mke ana watoto wanaosubiri chakula. Kamati ikishughulikia mambo manne atakaa: boti yake ilindwe kwa jina la mtu anayejulikana, nyavu zake ziteguliwe na kuanikwa, mwenye mashine aambiwe na mwenyekiti na si na mvuvi mwenyewe, na nyumba yake ipate posho ya unga, maharagwe na mafuta kila wiki. Asipopata hayo ataondoka usiku, tena akiwa na kila sababu. Siku za kukaa zitajwe mwanzoni na kuandikwa ukutani: 21 kwa Ebola, na kwa ugonjwa mwingine kama wizara itakavyotangaza. Msiongeze siku kiholela.

Vyakula vya dukani vikipungua, Mauritius ilituachia mfano mzuri: Aprili 2020 maduka makubwa yalipofunguliwa tena, kila kundi la herufi za majina ya ukoo lilipewa siku zake za kununua. Kwenye kisiwa, gawanyeni kwa kambi badala ya herufi.

Taarifa na usafiri

Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 0800-100-066. Iandikeni kwenye ubao wa mwalo, kwenye ubavu wa boti ya abiria, na kwenye mlango wa duka la dawa. Mtandao ukishika mahali pamoja tu kisiwani, pawekwe alama, na simu moja ya kamati iwe na chaji wakati wote. Taarifa nzuri ina vitu vitano: nani, umri, dalili na siku zilipoanza, alikokuwa, waliomgusa. Ripotini dalili, msisubiri jina la ugonjwa. Kulijua jina ni kazi ya maabara, na sampuli za magonjwa ya aina hii hupelekwa kwa wataalamu kama wale wa UVRI (taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda), Entebbe.

Wekeni akiba ya petroli lita 20 hadi 40 kwa safari ya dharura, imefungwa kwa kufuli, ufunguo kwa mtu asiye nahodha. Safari ianze alfajiri kabla upepo haujapanda.

Mkishuku Ebola msimpakie mgonjwa kwenye boti. Ngojeeni timu yenye mavazi ya kinga, na hadi ifike mgonjwa ahudumiwe na mtu mmoja tu, mwenye glavu, asiyegusa matapishi. Kwa kipindupindu fanyeni kinyume: pakieni mara moja, na jerikeni ya kinywaji iende naye. Kwa ugonjwa wa hewani mgonjwa na nahodha wavae barakoa, abiria wengine washuke, na kumbukeni kwamba boti ikienda upepo unarudi nyuma kwa nahodha, kwa hiyo mgonjwa asikae mbele yake moja kwa moja. Boti ikirudi, ioshwe kwa dawa kali, iachwe dakika 15, isuuzwe vizuri, maana klorini hula chuma cha mashine. Maji ya ndani ya boti yasimwagwe pale wanawake wanapochota.

Mtu aliyegusana na mgonjwa akiwa tayari amehamia kambi nyingine, msimtafute kwa kelele. Mpigieni VHT wa mwalo anakokwenda, mpeni jina na siku zilizobaki, naye aendeleze kupima asubuhi na jioni. Mvuvi wa mukene hufuata samaki. Ufuatiliaji nao lazima umfuate.

Chanjo

Surua iliua watu 83 Samoa mwaka 2019, wengi wao watoto wadogo. Serikali ilisimamisha shughuli zote siku mbili, tarehe 5 na 6 Desemba, na kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa ikatundika kitambaa chekundu nje. Timu hazikupoteza muda kuuliza. Kambi ya vibanda 60 inaweza kufanya hivyo asubuhi moja, mradi kitambaa kiondolewe mara tu watu wakichanjwa kisije kuwa alama ya aibu.

Tarehe zichaguliwe kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa mukene hutumia taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, nao hulala kambini. Siku hizo ndizo za kuwapata wanaume. Siku za giza, waje kuchanjwa wanaporudi asubuhi, baada ya kuuza, kabla hawajalala.

Kibebeo cha chanjo kikae kati ya nyuzi 2 na 8. Pakiti za barafu zitikiswe hadi msikie maji yakicheza ndani ndipo ziingizwe. Barafu ya samaki isitumike, kwani baadhi ya chanjo zikiganda zinaharibika bila kuonyesha. Chanjo ya surua ikishachanganywa, zikipita saa 6 itupwe.

Matangazo na mazishi

Tangazo moja litolewe kwa Luganda, Kiswahili, Lusamia na Kijaluo, saa za jioni, kwa kipaza sauti cha msikiti, kanisa au duka la video. Liwe na jambo moja tu la kufanya. Uvumi ujibiwe siku hiyo hiyo na mtu ambaye kambi inamwamini, ambaye mara nyingi ni mama muuza chakula kuliko kiongozi.

Wakazi wengi wa mialo walikuja kutafuta riziki na wanataka kuzikwa kwao. Wakati wa Ebola maiti haivushwi ziwa kwa boti ya kawaida, wala haioshwi na jamaa. Timu ya mazishi salama hufanya kazi hiyo, na familia huomba dua kwa umbali na kuona kaburi. Kubalianeni mapema, mlipuko ukiwa bado mbali, wapi patakuwa makaburi ya kisiwa, nani atapiga simu kwa ukoo, na shehe au mchungaji gani atasimama. Familia iliyoambiwa mapema hukubali. Iliyoshtukizwa huchukua maiti usiku.

Mlipuko wa Ebola hutangazwa umekwisha siku 42 zikipita tangu mgonjwa wa mwisho apone na vipimo kuonyesha hana virusi tena, au azikwe. Lango liendelee hadi tangazo hilo. Siku ya kufunga meza, HTH iliyobaki ifungwe kwenye chombo cha plastiki kikavu, mbali na petroli, na tarehe iandikwe. Daftari lipelekwe kituo cha afya, na nakala ibaki kwa mwenyekiti.